UZI: Chunusi sugu na makovu yake. Kabla hujapaka kitu, jua kwanza unatibu nini

Kisima Kirefu

Wadau habari za muda huu. Nimeamua nifungue huu uzi kwa sababu swali ni lile lile kila siku, "nina chunusi zimegoma na zimeniachia makovu nisaidieni dawa", halafu majibu yanamiminika, huyu anataja sabuni, huyu krimu, huyu limao, huyu dawa ya meno, na aliyeuliza anaondoka na vitu kibao asijue aanze na kipi. Mimi nimeishi na chunusi tangu nabalehe mpaka ukubwani, zile za kwenye taya na mashavu, za ndani kabisa, zinazouma kabla hata hazijaonekana. Saivi zimetulia. Najua mtu anavyokwepa kioo na anavyokataa kupigwa picha, kwa hiyo naandika kwa moyo wote.

Jambo ninalotaka tuelewane ni hili: chunusi, doa na kovu ni vitu vitatu tofauti. Kila kimoja kina tiba yake, na tiba zenyewe zinafuatana, unazima chunusi kwanza halafu ndo unahangaika na vilivyobaki. Anayekuuzia kopo moja la kumaliza vyote vitatu ndani ya wiki mbili anakudanganya.

Tuanze na chunusi yenyewe inavyotokea maana ukielewa hapo mengine yanaeleweka yenyewe. Kila kinyweleo kina tezi yake ya mafuta. Homoni za kiume, na wanawake wanazo pia, zinaisukuma ile tezi itoe mafuta mengi, wakati huo huo seli zilizokufa pale kwenye kitundu badala ya kudondoka zinagandamana zinaziba njia, mafuta yanakwama, bakteria anaitwa Cutibacterium acnes, ambaye yuko kwenye ngozi ya kila mtu hata asiye na chunusi, anapata pa kuzaliana, kinga ya mwili inashtuka na hapo ndo unaona uvimbe na usaha. Sasa zingatia hii: ule mzibo unaanza wiki kadhaa kabla wewe hujaona chochote kwa macho. Yani chunusi ya leo ilishaanza zamani. Ndo maana kupaka dawa juu ya kipele kimoja kimoja hakumalizi tatizo, unapaka eneo lote linalotoaga chunusi, hata pale panapoonekana pasafi, na ndo maana madaktari wa ngozi wanakwambia subiri wiki 8 mpaka 12 kabla hujasema dawa haifanyi kazi.

Watu wengi wenye chunusi "sugu" hawajawahi kufika hizo wiki 12 na dawa yoyote. Wiki mbili hii, wiki tatu ile, ngozi imechubuka, inawaka, haijui hata inatibiwa nini.

Dawa za kupaka ambazo mimi nazipa uzito ni mbili. Ya kwanza ni familia ya retinoidi, hapa kuna adapalini na tretinoini. Hizi zinazuia ule mzibo usitokee, yani zinapiga mwanzo wa safari. Unapaka usiku, uso ukiwa mkavu kabisa, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, basi. Ukizidisha hauponi haraka, unababuka tu. Anza kila baada ya siku mbili, ngozi ikizoea ndo upake kila usiku, na kama ni mkavu sana tanguliza losheni ya kulainisha chini. Ya pili ni benzoili peroksaidi, hii inaua bakteria na bakteria hawajengi usugu dhidi yake. Asilimia 2.5 inatosha, utafiti wa zamani ulishaonyesha inakaribiana na ya asilimia 10 kwa matokeo huku ikichoma kidogo zaidi. Ila inafuta rangi ya nguo, foronya na taulo, kwa hiyo tumia vyeupe. Mpango unaowasaidia wengi ni benzoili asubuhi, retinoidi usiku, tretinoini za kawaida zinaharibika zikikutana na benzoili kwa hiyo usizipake pamoja, adapalini yenyewe haina shida hiyo.

Mengine nitashusha tukienda, karibuni.

Nyuki Mweusi

Mkuu nimeweka kambi. Mimi natumia adapalini wiki ya tatu sasa, naona ndo kama nimeziita, paji la uso limejaa vitu vidogo vidogo. Niache?

Kisima Kirefu

Usiache kaka. Hicho ni kipindi kinachowapata watu wengi, ile mizibo iliyokuwa imelala chini inasukumwa juu kwa pamoja. Kwa kawaida inapungua ukifika wiki ya sita hivi. Cha kuangalia ni kitu kimoja: zinatoka sehemu zile zile unazotoaga siku zote au sehemu mpya kabisa? Zikiwa sehemu zile zile vumilia, punguza tu iwe usiku mmoja unapaka mmoja unapumzika. Zikija sehemu mpya, zinawasha, ngozi imevimba na inauma ukiosha na maji matupu, hapo ngozi imechukia, simama siku kadhaa uitulize.

Sabuni ya kuogea ya kawaida nayo uitoe usoni. Tumia kiosheo laini mara mbili kwa siku, usisugue na kitambaa. Chunusi hazitokani na uchafu na kusugua hakujawahi kuzimaliza.

Chaurembo

Mimi nina ya moyoni. Niliuziwa krimu ya kuchanganya, kopo halina hata maandishi, muuzaji akaniambia inatoa chunusi, madoa na inang'arisha. Siku chache tu uso ukawa laini mpaka watu wananisifia. Nikikaa bila kupaka siku mbili vinalipuka vipele vidogo vyekundu, vyote saizi moja, uso unawaka moto. Na mashavuni naona mishipa midogo midogo ambayo sikuwa nayo. Nifanyeje jamani?

Mdau wa Famasia

Dada pole sana, hiyo hadithi nakutana nayo karibu kila wiki kazini. Dalili ulizotaja zinafanana sana na krimu yenye steroidi kali ndani, klobetasoli au betamethasoni. Steroidi inazima uvimbe haraka ndo maana siku za kwanza mtu anaona muujiza, baadaye inakondesha ngozi, mishipa inaonekana, na yenyewe inaanza kuzalisha chunusi zake, hizo hizo za saizi moja. Ukiacha ngozi inalipuka, unarudi kupaka, unabaki mtumwa wa kopo.

Nyingine za kung'arisha zina zebaki, ambayo inaingia mwilini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka vipodozi vya kung'arisha vyenye zebaki kwenye orodha ya vitu vya kuachwa kutengenezwa, ila mitaani bado vinapita. Kopo lisilo na orodha ya viambato usiliweke usoni, hata kama aliyekuuzia ni rafiki.

Kwako wewe nenda kwa daktari wa ngozi na hilo kopo mkononi. Ataamua kama unaacha mara moja au unapunguza taratibu, na atakupa kitu cha kutuliza wakati ngozi inapigania kurudi. Itachukua miezi, nakwambia ukweli ili isikukatishe tamaa. Kwa sasa uso uupe kiosheo laini, losheni isiyo na manukato na kinga ya jua, usiongeze kingine chochote.

Kisima Kirefu

Mdau wa Famasia asante sana. Wadau someni hiyo mara mbili. Chunusi nyingi zinazoitwa sugu ninazoziona zina krimu ya namna hii nyuma yake, na mhusika anaongeza dawa juu ya dawa bila kutoa chanzo.

Pwani Shwari

Zangu ziko paji la uso, kifuani na mgongoni, zinawasha sana hasa nikitoka jasho, vidogo vyote vinafanana. Nimepewa antibayotiki ya doksisaiklini ndo vikaongezeka.

Mdau wa Famasia

Hizo zinaweza zisiwe chunusi kabisa. Kuna fangasi anaitwa Malassezia, anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, akizidi anashambulia vinyweleo. Dalili zake ni kama ulivyoandika, kuwasha, vipele vya umbo moja, paji, kifua, mgongo, na antibayotiki inamnufaisha maana inaua bakteria wanaoshindana naye. Shampuu ya ketokonazoli, unaipaka sehemu hizo unaiacha dakika kama tano ndo unasuuza, inawasaidia wengi. Ila mwone daktari athibitishe, wakati mwingine vyote viwili vinakuwepo kwa pamoja.

Na kwa wote, kama unapaka mafuta mazito ya nywele na vipele vyako vimejipanga kwenye ukingo wa nywele na paji la uso, anza na kuyaacha hayo mafuta kabla hujanunua dawa yoyote.

Binti Saba

Mimi nina miaka thelathini na kitu, uso ulikuwa msafi ujanani, sasa kila nikikaribia siku zangu kidevu na taya vinajaa majipu ya ndani. Krimu zote hizo nimepaka.

Kisima Kirefu

Dada hapo nenda ukaongelee homoni. Chunusi za kidevu na taya zinazofuata mzunguko mara nyingi krimu peke yake haizimalizi. Kama mzunguko unaruka ruka, nywele zinaota kidevuni au za kichwani zinapungua, mwambie daktari akuangalie ovari zenye vifuko vingi, maana chunusi inaweza kuwa dalili tu ya kitu kikubwa zaidi. Tiba zinazotumika hapa ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, au spironolaktoni ambayo asili yake ni dawa ya presha lakini inazuia homoni za kiume zisifanye kazi kwenye tezi ya mafuta. Kwa chunusi spironolaktoni ni ya wanawake tu na hutumii ukiwa na ujauzito. Nayo inataka miezi mitatu kuonekana. Jingine, njia za uzazi wa mpango zenye homoni moja tu, kama baadhi ya sindano na vipandikizi, kwa baadhi ya wanawake zinaongeza chunusi, kwa hiyo jiulize kama zilianza baada ya kubadili njia.

Ukiwa mjamzito au unatafuta ujauzito retinoidi zote weka pembeni. Asidi ya azelaiki ni mojawapo ya zinazoruhusiwa, na ina faida ya ziada, inafifisha madoa.

Msafiri wa Alfajiri

Jamani mbona mnarefusha, limao na magadi ya kuokea vinatoa kila kitu na ni asilia.

Mdau wa Famasia

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima kwa sababu kuna mtu atasoma hapa akapake leo usiku. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH kama 5. Limao liko kwenye 2, magadi yako juu ya 8. Unaichoma upande huu halafu unaichoma upande ule. Na limao lina kemikali zinazokutana na jua zikaunguza ngozi kabisa, linaacha baka jeusi linalokaa miezi. Asilia au la, kinachounguza kinaunguza. Dawa ya meno nayo ni hivyo hivyo.

Tumaini Jipya

Mimi nataka kusikia kuhusu isotretinoini. Nimeandikiwa na naogopa.

Kisima Kirefu

Mimi ndo iliyonitoa, kwa hiyo naomba niseme kwa kirefu. Hii ni dawa ya kumeza, ipo tangu 1982 ilipoidhinishwa Marekani, na ni ya chunusi kali, zinazoacha makovu, au zilizokataa dawa nyingine. Inaipunguza ile tezi ya mafuta yenyewe, ndo maana wengi wakimaliza dozi chunusi hazirudi, au zikirudi zinakuwa nyepesi. Dozi inahesabiwa kwa uzito, mara nyingi miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo kwa siku, na jumla ya safari nzima ni kama miligramu 120 hadi 150 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji jumla ya miligramu 7,200 mpaka 9,000, akimeza 40 kwa siku ni kama miezi sita mpaka saba na nusu. Ukiona hesabu hiyo unaelewa kwa nini anayeacha mwezi wa pili kwa kuwa uso umeshakuwa safi, zinamrudia. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, vinginevyo sehemu kubwa haifyonzwi.

Ukavu ni wa kweli. Midomo inapasuka kwenye kona mpaka kufungua kinywa kupiga mswaki inauma, pua kwa ndani inakauka, ukipenga unaona damu kidogo, macho yanakwaruza. Mafuta mazito ya mgando yakae mfukoni, kitandani, kazini, unapaka mdomo kabla haujakauka. Viungo vinaweza kuuma ukifanya mazoezi mazito.

Sasa yale yasiyo na mjadala. Inaharibu vibaya sana mtoto tumboni. Mwanamke anayeweza kushika mimba anapimwa kabla ya kuanza na anaendelea kupimwa wakati wa dozi, na anatumia uzazi wa mpango wa uhakika kuanzia mwezi mmoja kabla mpaka mwezi mmoja baada ya kumaliza. Vipimo vya ini na mafuta ya damu vinafanyika. Haimezwi pamoja na doksisaiklini na ndugu zake kwa sababu presha ndani ya kichwa inaweza kupanda. Hisia zako zikibadilika, huzuni isiyo na sababu, usiku haulali, mwambie daktari siku hiyo hiyo na mwambie mtu unayeishi naye. Usiazime kidonge cha mtu na usinunue bila daktari anayekufuatilia.

Kama chunusi zako zinaacha mashimo na umeshapewa dawa nyingine zikashindwa, uoga usikukalishe miaka. Kila mwezi wa kusubiri unaongeza mashimo mapya, na shimo ni gumu kulitibu kuliko chunusi yenyewe.

Nyuki Mweusi

Hapo kwenye mashimo na madoa mkuu. Nitajuaje ninacho kipi?

Kisima Kirefu

Funga macho, pitisha ncha ya kidole taratibu juu ya shavu. Kama kidole hakisikii kitu lakini kwenye kioo unaona weusi, hilo ni doa. Kama kidole kinashuka au kinapanda, hilo ni kovu. Halafu simama karibu na dirisha mwanga ukupige kwa ubavu, doa halibadiliki, shimo linatupa kivuli.

Doa ni rangi tu iliyobaki baada ya uvimbe. Linaisha, miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwaka kwa ngozi nyeusi, ila linaisha kama hulichokozi. Kinachoharakisha ni retinoidi ile ile unayotumia, asidi ya azelaiki, na kinga ya jua kila asubuhi, yenye SPF, yani kipimo cha nguvu ya kinga, 30 kwenda juu. Mwenye ngozi nyeusi atafute yenye rangi iliyo na oksaidi ya chuma, maana weusi unachochewa pia na mwanga wa kawaida na kinga nyingi zisizo na rangi haziuzuii huo. Kutumbua ndo kunarudisha kazi yote nyuma, tafadhali mikono ikae chini.

Kovu halitoki kwa krimu. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu watu wanamaliza pesa hapo. Retinoidi inaweza kulainisha kidogo sana, basi. Kovu linahitaji mikono ya mtaalamu na inategemea umbo lake. Yale membamba ya kina kirefu, kama yaliyotobolewa na sindano, daktari anachomeka asidi ya TCA kali ya asilimia 70 hadi 100 ndani ya kila shimo kwa ncha ya kijiti, au anayakata na kushona. Yale mapana yenye mabonde mabonde, ngozi inakuwa imevutwa na nyuzi kutoka chini, hapo anapitisha sindano chini ya ngozi kuzikata. Yale mapana yenye kingo kali na ngozi isiyo sawa kwa ujumla, kudungwa vijisindano au leza, mara nyingi awamu tatu mpaka sita, zikiachana wiki nne au zaidi. Wengi wanachanganyiwa njia mbili au tatu. Matokeo ni kupungua, na kupungua kwingine kunaonekana wazi kabisa, lakini ngozi ya kama hujawahi kuwa na chunusi usiahidiwe na mtu.

Chaurembo

Leza si inaunguza ngozi nyeusi?

Mdau wa Famasia

Inaweza kuacha weusi, kweli, hasa ikipigwa kwa nguvu na mtu asiyezoea ngozi yetu. Ndo maana kudungwa vijisindano kunapendekezwa zaidi kwa ngozi nyeusi, hatari ya weusi ni ndogo. Kama ni leza, muombe ajaribu kwanza eneo dogo pembeni mwa taya msubiri muone. Na vile virola vya sindano vya kujidunga nyumbani achaneni navyo, unasambaza maambukizi uso mzima, na juu ya chunusi hai ndo kabisa.

Tumaini Jipya

Nikimaliza isotretinoini nisubiri muda gani kabla ya kutibu makovu? Nimesikia mwaka.

Mdau wa Famasia

Zamani tuliambiwa miezi 6 mpaka 12. Wataalamu walipopitia ushahidi upya mwaka 2017 walisema kwa vijisindano, kuambua ngozi ya juu kwa kemikali nyepesi na leza zisizochubua ngozi, hakuna sababu ya kutosha ya kuchelewesha. Kwa upasuaji mkubwa wa kukwangua ngozi kwa mashine na leza zinazochubua uso mzima tahadhari bado ipo. Kinachotangulia ni chunusi ziwe zimetulia miezi kadhaa bila mpya.

Kijana wa Kinyozi

Mimi vya kwangu viko kisogoni, vilianza kama chunusi baada ya kunyoa sasa vimekuwa vigumu kama vinundu vinaungana. Retinoidi itafanya kazi?

Mdau wa Famasia

Kaka hivyo ni ugonjwa mwingine, vinyweleo vya kisogo vinavimba na kuacha kovu linaloota kama keloidi, yale makovu manene yanayovimba. Acha kunyolewa kwa mashine inayogusa ngozi, acha nywele fupi zibaki kidogo, kola ngumu isikusugue shingoni. Muone daktari wa ngozi mapema vikiwa bado vidogo, kuna krimu, antibayotiki na sindano za steroidi zinazopigwa ndani ya kinundu chenyewe, na steroidi hiyo ikiwa mikononi mwa daktari ni tiba halali, tofauti kabisa na ile ya kopo lisilo na jina. Vikishaungana tiba inakuwa upasuaji. Na usikubali mtu akukate tu kimoja kimoja bila mpango wa kuzuia visirudi, hasa kama kwenu kuna wenye keloidi.